Kabla Hamjamrudisha Wambui

Uskoti, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima, na leo nakusalimia pia kwa woga. Habari ya goti? Bado unalipaka mafuta ya kondoo, au hatimaye ulimsikiliza daktari? Mvua imeshuka huko Njoro? Kamau aliniambia ngano ya mzee Rotich imechipuka vizuri mpaka ukingoni mwa ua letu, na kwamba yule ng'ombe wako mweusi amekuwa mkorofi saa ya kukamuliwa, anapiga ndoo teke. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu, maana najua utamshinda kwa maneno tu. Mimi mwili uko sawa ukiuangalia kwa nje. Nakula, nafanya kazi, baridi ya huku nimeizoea kiasi. Ya ndani ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Kabla hujaendelea, Mama, funga mlango. Kama Shangazi Njoki yuko hapo, mwambie unaenda kuangalia ng'ombe, kisha uisomee barua hii zizini. Ndiyo maana sikupiga simu. Tangu Kamau akuonyeshe kile kitufe cha sauti kubwa, simu yako haijawahi kuongea na mtu mmoja. Nikikuambia nina mafua, jirani wa juu anajua, na Jumapili mchungaji ananiombea kwa jina. Hii siyo ya kitufe. Nampa Mwalimu Barasa, mhadhiri wa chuo hapo Njoro ambaye alikuja huku kwa kozi ya miezi mitatu. Anasafiri Jumatano, na ameahidi kukukabidhi mkononi.

Mama, naogopa. Wacha niliseme neno hilo kwanza nisije nikalizunguka.

Alhamisi Kamau alinipigia nikiwa kwenye kituo cha basi. Unamjua anavyoongea. "Niaje bro," akaanza. "Skiza, huku home mambo ni moto. Auntie Njoki amesema imetosha. Jumamosi ya wiki ijayo anaenda na wazee wawili mpaka Kariandusi kwa kina Wambui, kuwaambia wamchukue msichana wao. Na mathe amekubali."

Nikamwuliza, amekubali vipi? Mama alisema nini?

"Hajasema kitu. Amenyamaza tu. Si hiyo ni kukubali?"

Basi lilikuja, likafungua mlango, likafunga, likaenda. Mimi nimesimama tu na simu sikioni.

Mama, nakuomba kwa magoti, hiyo safari isimamishe. Mke wangu Wambui hana kosa. Miaka saba hii yote ya ndoa, kila nikija likizo na kuondoka, mmemwangalia tumbo, na tumbo lake ni zima. Anayekosa ni mimi. Nimepimwa huku hospitalini, si mara moja, mara tatu, na sina mbegu. Hata moja. Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi nikaikuta bado ipo.

Najua kuna jina la Baba. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi ya upande wake mwanangu wa kwanza wa kiume ndiye wa kuitwa Muchiri kama yeye, kumrudisha nyumbani. Shangazi analililia jina hilo tangu tumzike ndugu yake. Hata wewe, ingawa ni wa Kakamega na kwenu majina hupita njia nyingine, ulilipokea kama lako. Nilikusikia mara moja ukiita "Muchiri" jikoni wakati hakukuwa na mtu. Naogopa hilo jina kuliko ninavyoogopa Shangazi, na Shangazi namwogopa sana.

Wacha nikueleze nilivyofika hapa, polepole, ili usifikirie nimerukwa na akili.

Niliwahi kukuambia ninafanya kazi ya mambo ya dawa, nawe ukawaambia watu kanisani kwamba mimi ni daktari. Sikukurekebisha, nilipenda. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni panya, wale wadogo weusi. Nawalisha, nawaweka dume na jike kwenye kizimba kimoja, naandika nani amezaa na nani hajazaa. Kisha kuna siku nakata korodani ya dume, nisamehe kwa kutaja mbele yako, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navipaka rangi, naviangalia kwa hadubini. Bosi wangu ni mama mmoja wa makamo anayevaa soksi mbili juu ya nyingine. Huku wanataka umwite mkubwa wako kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu umekataa kabisa, kwa hivyo namwita Madam, naye amechoka kubishana.

Mwanzoni mwa mwaka huu kulikuwa na kizimba kimoja kilichokuwa kimya. Dume mmoja, majike wawili, wiki zinapita, hakuna kitoto. Nikamwambia Madam, nitawabadilisha majike. Nilisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anayeitikia salamu.

Akaniangalia juu ya miwani. "Kwa nini majike? Mtoe dume, tumwangalie yeye kwanza."

Mama, hapo hapo nilimkumbuka Karembo. Unamkumbuka Karembo wako, yule ng'ombe wa madoadoa, aliyekuwa akikufuata mpaka mlangoni? Baba alikataa kumwita mtu wa kupandisha kwa sindano, akasema ndume wa mzee Rotich yuko hapo tu na ni wa ujirani mwema. Chifu, ndivyo alivyoitwa, shingo nene, akipita watoto tunapanda ua. Karembo alipelekwa kwa Chifu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakushika. Shangazi Njoki akasimama palepale uani na mikono kiunoni akasema, "Muchiri, hii ng'ombe inatumalizia nyasi bure." Wiki hiyo hiyo Karembo akauzwa kwa mwenye bucha wa Njoro. Ulimsindikiza mpaka barabarani ukarudi na kamba mkononi.

Mwaka uliofuata ng'ombe wa Rotich mwenyewe hawakuzaa, wala wa jirani wa chini, wala wa mtu yeyote aliyetumia Chifu. Daktari wa mifugo akaja, akamkagua, akasema ndume huyu ni wa kupendeza macho tu. Baba alileta habari hiyo jikoni akicheka cheka kwa aibu, Shangazi akiwa nyuma yake. Wewe ulikuwa unasugua sufuria. Hukugeuka. Ulisema, "Na mbona hamkuangalia ndume kwanza?" Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nimekaa kwenye gunia la makaa, na nakumbuka Baba alivyotoka nje akasahau kofia.

Sasa nikiwa na miaka yangu yote na vyeti vyangu, mimi mwenyewe nilitaka kubadilisha majike.

Tulimtoa yule dume wa panya. Nilipoangalia kwa hadubini nikaona kitu ambacho Madam alikuwa amekitarajia. Ndani ya korodani kuna vijineli vingi, vijibomba vyembamba kama uzi, na kwenye kila kijineli mbegu hutengenezwa kwa hatua, kama mahindi yanavyotoka uchanga mpaka kukomaa. Kwa dume huyu hatua za kwanza zilikuwepo, zimejaa vizuri. Katikati, zote zilikuwa zimekufa. Baada ya hapo palikuwa patupu. Jioni hiyo nilitafuta nambari ya hospitali.

Ya hospitali sikuelezi yote, yana aibu yake. Kikombe, chumba kidogo, picha ya maua ukutani. Majibu ya kwanza yalikuwa sufuri. Wakarudia, sufuri. Wakachukua damu, na mwezi wa nne daktari akaniita. Kijana mpole, chai yake imepoa mezani. Nitakueleza kama alivyonieleza, kwa sababu nataka uelewe hakuna mtu aliyeturoga.

Ndani ya kila chembe ya mwili, Mama, kuna nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili wote. Wanaziita kromosomu. Zinakuja mbili mbili, moja ya baba, moja ya mama. Wakati mwanamume anatengeneza mbegu, kila uzi hutafuta mwenzake wa kulingana naye, wanalala pamoja kutoka kichwa mpaka mkia. Sisi wanaume tuna jozi moja tu isiyolingana. X tumepewa na mama, ni ndefu. Y tumepewa na baba, ni fupi sana. Hizi mbili hushikana nchani tu, na sehemu yote iliyobaki inakaa bila mwenza.

Na ile chembe ina walinzi. Walinzi wakipita wakaona sehemu isiyo na mwenza wakati wengine wote wameshapata, hawaulizi. Wanaikunja X na Y kwenye kona moja na kuzinyamazisha, zisitoe agizo hata moja. Mimi nimeiona hiyo kona mara nyingi, tukiitia rangi inang'aa kama punje ya mbaazi mbichi. Hilo ni jambo la kawaida kwa kila mwanamume mzima, Baba alikuwa nalo, Kamau pia. Tena ni lazima, kwa sababu X na Y zisiponyamazishwa wakati huo chembe inakufa.

Shida yangu ni hii. Nyuzi mbili zangu nyingine, ambazo hazihusiani kabisa na X wala Y, zilibadilishana vipande nikiwa bado sijawa mtu. Huyu ana mguu wa yule, yule ana mguu wa huyu. Hakuna kilichopotea, ndiyo maana nilizaliwa mzima, nikasoma, nikacheza mpira, nikaoa. Lakini saa ya kutafuta wenza inapofika, nyuzi nne zinavutana mahali pamoja kama msalaba, na pale katikati vinabaki vipande vinavyokosa wa kulala naye. Walinzi wakija wanavinyamazisha pia. Na hivyo vipande, Mama, havikustahili kunyamazishwa. Vina maagizo ambayo chembe inayahitaji ili iishi. Wakati mwingine ule msalaba unaenda kuegemea kwenye kona ya X na Y na kuharibu hata ukimya wa huko. Basi chembe inafia katikati ya safari, zote, kila siku, tangu nibalehe mpaka leo.

Daktari alianza kunichorea nyuma ya fomu, kalamu ya bluu na nyekundu. Alipofika mstari wa pili nilijua ni nini. Nilimchukulia kalamu mkononi nikaumalizia msalaba mwenyewe. Akashangaa. Nikamwambia, nimeuona kwa panya.

Hiyo haikuwa ndiyo saa niliyoogopa zaidi. Alipochukua fomu nyingine akaniuliza, "Mama yako aliwahi kupoteza mimba?" Nikajibu haraka kama mtoto darasani, "Tatu." Nilipomwona anaandika ndipo nilipoelewa nimesema nini, na nimemsemea nani.

Uliniambia mara moja tu. Tulikuwa tunachambua maharagwe, na ukasema kati yangu na Kamau walikuwepo watatu ambao hawakukaa. Ukasema Cucu, mama yake Baba, alikuwa akiwaambia watu tumbo lako lina shimo. Ulisema ukicheka, halafu ukarusha jiwe la maharagwe dirishani kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. Sijawahi kukuuliza tena.

Daktari anasema hali hii yaweza kuanza kwa mtu mwenyewe, lakini mara nyingi hurithiwa. Mwanamke akiwa nayo huweza kuzaa, ila baadhi ya mimba hazikai. Mwanamume akiwa nayo, mmoja anazaa, mwingine inakuwa kama hii yangu. Kama ilitoka kwako, au kwa Baba, au haikutoka kwa yeyote, hakuna ajuaye bila kupima damu, na wewe hulazimishwi na mtu. Mama, tafadhali nisikie vizuri hapa. Sikuandikii kukulaumu. Naogopa utasoma mistari hii na kusikia Cucu anaongea kwa mdomo wangu. Mimi nasema kinyume chake. Tumbo lako halina shimo na halijawahi kuwa na shimo. Wale watatu hukuwapoteza kwa kubeba maji, wala kwa kugombana na mama mkwe, wala kwa dhambi uliyokuwa ukiiombea toba kila Ijumaa. Kama wewe ndiye uliyeubeba huo msalaba, uliubeba bila kujua na bado ukatuzaa wawili. Mimi nakushangaa tu.

Kamau naye apimwe kabla ya harusi yake ya Desemba. Mwambie taratibu, usimtishe, mimi nimeshatishika kwa niaba yetu sote.

Sasa ngoja nikuambie lililo baya zaidi, na hili si la kromosomu.

Nimejua tangu mwezi wa nne. Sikumwambia mtu. Wambui sikumwambia. Kila wiki tuliongea, akaniuliza habari za kazi, nikamwambia panya wazima. Mwezi wa tano akanywa ile dawa ya mizizi uliyompelekea wewe, Mama, najua ulikuwa na nia njema, ikamwendesha tumbo siku tatu mpaka jirani akampeleka zahanati. Mimi nikamwambia apumzike na anywe uji.

Mwezi wa sita mlienda Kiamunyi kumwona mtoto wa binamu yetu. Wewe ulikuwepo. Wambui alifika mapema akiwa na unga na sukari yake, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akapewa mtoto. Akamshika. Shangazi Njoki akavuka chumba chote, akamtoa mtoto mikononi mwake mbele ya akina mama wote akasema, "Wacha, mama. Hiyo mikono ni mikavu, usimkaushie mwenzako." Wambui alinisimulia siku hiyo hiyo huku anacheka. Mimi namjua anavyocheka akiwa hachekeshwi.

Nilikuwa najua, Mama. Miezi miwili nilikuwa na karatasi kwenye droo. Ilikuwa nafasi ya kufungua mdomo. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia asijali, Shangazi ana mdomo tu. Halafu nikamwuliza habari za kuku. Aki ya Mungu, nilimwuliza kama wale kuku wameanza kutaga.

Niliogopa. Sina neno lingine zuri zaidi. Niliogopa atafungasha vitu arudi kwa baba yake, yule mzee wa machimboni aliyemlea peke yake na vumbi jeupe kwenye nyusi. Niliogopa kuitwa si mwanamume. Niliogopa sura yako. Nikajiambia nitasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miezi sita. Nimenyamaza vizuri mno, nikawaacha mumnyamazishe yeye kwa kosa langu.

Kesho nitampigia. Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Naacha nafasi chini, nitakuambia alivyosema.

Jumanne asubuhi

Mama, nimempigia jana saa ya chakula cha mchana. Nilitoka nje nikasimama kando ya mapipa ya taka ya maabara, mahali ambapo hakuna anayenijua akipita. Alikuwa dukani kwake huko Kiamunyi anashona yunifomu, nilisikia cherehani inakimbia. Nikamwambia bila salamu, maana ningesalimu ningekwama.

"Wambui, nimepimwa. Shida ni mimi. Si wewe, haijawahi kuwa wewe."

Cherehani ikasimama. Nikasikia mtu akimwuliza bei ya sweta.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa nne."

Mkasi ukawekwa mezani.

"Siku ya yule mtoto ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniuliza habari za kuku."

"Ndiyo."

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni mkono wake. Nilipiga tena na tena, hakushika. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza yote haya niliyokueleza, na habari ya safari ya Jumamosi, na kwamba barua inakuja kwa mkono, na kwamba nimekuomba uisomee zizini. Sikupata jibu. Sikula. Madam aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ndiyo, maana ni kweli.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta jibu. Nimelisoma mpaka nimelikariri: "Hiyo barua isisomwe zizini. Mimi nilivuliwa nguo mbele za watu. Jumamosi nitakuja Njoro mapema, kabla Shangazi na wazee hawajatoka. Mama aisome mbele yao, nikiwa nimekaa. Ikiisha ndipo nitajua kama narudi Kiamunyi au naenda kwa baba."

Basi. Hajasema amenisamehe. Hajasema ataniacha. Sijui atageukia wapi akitoka hapo mlangoni kwako, na naogopa. Lakini amesema kweli, na anachotaka ni haki yake.

Kwa hivyo, Mama, fungua mlango.

Isome kwa sauti, ile sauti yako ya kusomea masomo kanisani. Usiruke kitu. Usiruke korodani, usiruke kuku, usiruke hata pale niliposema namwogopa Shangazi. Yale ya wale watatu ni yako, hayo yasome au yaache, utakavyoona wewe. Mwambie Kamau aweke simu katikati ya meza na abonyeze hicho kitufe chake. Nitakuwa upande huu, nasikiliza, na wala sitakata.

Wasalimie hao wazee wawili, waambie poleni kwa kuvaa makoti ya safari bure. Msalimie mzee Rotich, Chifu nilishamsamehe. Msalimie ndugu yangu Kamau, na yule mchumba wake ambaye sijamwona ila kwa picha. Shangazi yangu Njoki mpe salamu zangu za dhati, yeye ndiye dada wa pekee ambaye Baba alimwacha duniani, na najua analilia jina kwa sababu analilia mtu.

Wambui usimpe salamu. Mpe kiti. Mkalishe kwenye kile kiti cha Baba ambacho hakikaliwi.

Na Shangazi akisimama kabla hujamaliza kusoma, kama ninavyomjua, usibishane naye. Mwulize tu kama anamkumbuka Karembo. Halafu mwambie tena yale maneno uliyosema siku ile ukisugua sufuria, polepole, na safari hii geuka umwangalie. Akikosa jibu, mwambie ndume ni mimi.

Mwanao mwoga,
Njuguna